Barua za Wasomaji: Muuaji Umekwisha Kumwona

Mwezi uliopita niliandika mistari michache kuhusu riwaya za upelelezi, nikawauliza mnazisomaje. Barua zimefika kwa wingi, nyingine za kurasa nne, nyingine za mstari mmoja wa hasira. Nimechagua sita. Nitajibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi wangu wa Kiswahili nilipokuwa nafundisha Tanga, yaani bila kumtaja muuaji wa kitabu chochote. Anayemtaka muuaji akamtafute mwenyewe kitabuni.

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza riwaya nene, nimeikesha siku kadhaa, kumbe muuaji ni mdogo wake marehemu aliyekuwa ng'ambo, ambaye hakutajwa hata mara moja mpaka sura ya mwisho. Nilikitupa kitabu. Mume wangu anacheka, anasema huo ndio ustadi, mwandishi kaniweza. Nani mwenye haki? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Mwenye haki ni wewe, na jibu hili msomee mumeo kwa sauti.

Kumshinda msomaji ni jambo moja, kumdhulumu ni jingine. Mwandishi wa upelelezi anaweka ahadi na wewe tangu ukurasa wa kwanza: jibu atalificha, lakini njia ya kulifikia hataificha. Alichokiona mpelelezi, na wewe uwe umekiona. Ukishindwa, iwe ni kwa sababu ulitazama kule alikotaka utazame. Sasa mtu anayeshuka kwenye ndege sura ya mwisho ungemshukuje? Hapo hakuna ustadi wowote, mwandishi alikwama akaomba msaada nje ya hadithi.

Jambo hili limejadiliwa zamani. Mwaka 1929 padri mmoja wa Kikatoliki huko Uingereza, Ronald Knox, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa hadithi hizi, aliandika amri kumi za upelelezi. Ya kwanza inasema mhalifu lazima awe ametajwa mapema. Nyingine zinakataza majini na miujiza, zinakataza vyumba vya siri kuzidi kimoja, zinakataza mpelelezi kuokolewa na bahati, na zinakataza mapacha kuchomoza bila msomaji kutayarishwa. Huyo mdogo wa marehemu asingepita hata amri ya kwanza.

Ila mumeo ana punje ya ukweli, na nisipoitaja nitakuwa simtendei haki. Miaka mitatu kabla ya amri hizo, mwaka 1926, mwandishi Mwingereza Agatha Christie alitoa riwaya ya *The Murder of Roger Ackroyd*. Muuaji wa kitabu hicho ni mtu ambaye msomaji wa kawaida hamweki hata kwenye hesabu ya washukiwa. Watu waligombana. Wapo waliosema mama huyu kawaibia. Mimi nilikisoma mara ya pili nikiwa na penseli, natafuta uongo, nikijua tayari mwisho wake. Uongo haupo. Kuna mahali pamerukwa dakika chache tu, sentensi inapita juu yake taratibu, na macho yako yanapita nayo. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi: kakushinda huku amekuwekea kila kitu mezani.

Kwa hiyo kipimo ni kurudi nyuma. Ukimaliza kitabu, fungua tena sura ya pili na ya tatu. Ukimkuta muuaji amekaa pale anakunywa chai na wenzake, anasema maneno ambayo sasa yana maana nyingine kabisa, umesoma kitabu cha haki. Ukirudi usimkute, una ruhusa yangu ya kuwa na hasira.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne, Mombasa. Mwalimu wetu alinikuta maktabani na riwaya ya upelelezi akasema hiyo ni fasihi pendwa tu, nisome vitabu vya maana. Nampenda mwalimu wangu lakini sikubaliani naye. Nimjibu nini kwa adabu?

Kwa adabu, kwanza funga kitabu anapozungumza nawe. Halafu siku akiwa na nafasi, mwombe dakika kumi umweleze yafuatayo.

Mwaka 1957 hadi 1958 East African Literature Bureau, shirika la vitabu la enzi za ukoloni, liliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili. Aliyeshinda ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Hadithi yake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ikatoka kitabu mwaka 1960. Ni riwaya ya upelelezi tupu, yenye maiti, washukiwa na mpelelezi. Mtu akikaa leo kuandika historia ya riwaya ya Kiswahili hawezi kumruka bwana huyu.

Kabla ya kuingia kwenye magazeti alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya. Habari hiyo naipenda sana. Mkaguzi wa afya hamuulizi mwenye duka kama pipa lake la maji ni safi, anafunua kifuniko. Na mpelelezi aliyemtunga, Bwana Msa, ndivyo alivyo: mtu mtulivu, kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni, anawaacha wengine wabishane huku yeye anafunua vifuniko.

Mwalimu wako anaweza kukwambia kwamba Bwana Msa ameigwa kwa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza. Kubali. Holmes alianza kuonekana mwaka 1887, naye ana kiko na ana rafiki yake Watson. Lakini mwulize: huyo Mwingereza aliwahi kupewa kazi kama ile aliyopewa Bwana Msa? Maiti inakutwa penye mzimu. Watu wanaogopa kusogea, wengine wameshaamua kwamba aliyeua ni mzimu wenyewe, na kesi imefungwa vichwani mwao kabla haijafunguliwa. Padri Knox alitatua tatizo la majini kwa kuyapiga marufuku kuingia kitabuni. Muhammed Said Abdulla aliyaacha yabaki, kwa sababu katika vichwa vya majirani zake yalikuwepo kweli, halafu hatua kwa hatua akamwonyesha msomaji mkono wa binadamu nyuma yao. Mwaka 1968 akarudia jambo hilohilo katika *Kisima cha Giningi*, na Giningi kwa Waunguja ni jina la kutisha, jina la wachawi. Mimi naona hiyo ni kazi nzito kuliko riwaya nyingi zinazoitwa za maana. Inamfundisha kijana kuuliza: nani ananufaika watu wakiamini kwamba aliyeua ni jini?

Bara nako kukawa na mwendo wake. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, na yule ni jasusi zaidi kuliko mpelelezi, huko ni mbio na risasi, fumbo linakuja nyuma. Ben Mtobwa akaja na mpelelezi wake Joram Kiango. Nimeona vitabu vya hawa vikipita mikononi mwa makondakta, manesi, mafundi cherehani na askari wa lindo, vimesomwa mpaka majalada yameng'oka. Vipo vya ovyo pia katika kundi hili, hapo mwalimu wako hajakosea. Mwombe tu avipime kimoja kimoja, asivifukuze kwa mkupuo.

Mwalimu, nina matatizo mawili. Majina yananichanganya, nikifika katikati sijui tena nani ni shemeji ya nani. Halafu nikizidiwa na taharuki naruka kusoma ukurasa wa mwisho. Nisaidie. (Mama wa nyumbani, Mbeya)

La majina lina dawa nyepesi. Chukua karatasi, ikunje, iwe ndiyo alama yako ya ukurasa. Kila mtu anapoingia, andika jina, uhusiano wake na marehemu, alisema alikuwa wapi saa ya tukio, na nani mwingine alimwona hapo. Hiyo ya mwisho ikibaki tupu, mtie jicho. Riwaya zetu zina mtego mmoja ambao za Kizungu hazina sana: mtu mmoja anaitwa kwa jina lake sura ya kwanza, kwa jina la mwanawe sura ya tatu, na gengeni wanamwita kwa lakabu. Unajikuta una watu watatu kumbe ni mmoja, na mwandishi mjanja anautumia mkanganyiko huo makusudi. Yaandike yote mstari mmoja. Usiandike unayemshuku. Ukishamwandika utaanza kuitetea shaka yako, na kila kitu kinachompinga utakipita haraka.

La ukurasa wa mwisho ni gumu zaidi. Shuleni kwetu, miaka ya themanini, tulikuwa na nakala moja ya riwaya ya upelelezi ambayo karatasi zake za mwisho zilichanika zikapotea. Sikuitoa rafuni. Wanafunzi waliigombania kuliko vitabu vizima. Walikuwa wanabaki darasani baada ya kengele, wamegawanyika makundi, kila kundi na muuaji wake, na aliyetaka kusema ilimlazimu asome sentensi kutoka kitabuni, si kuropoka. Siku moja msichana wa kidato cha pili, mkimya, ambaye sikuwahi kumsikia akibishana, alinyanyua mkono akaomba kitabu. Akasoma mstari mmoja katikati ya sura ya tano kuhusu kandambili zilizoanikwa dirishani zikauke. Akafungua sura ya nne akasoma mahali ambapo wakulima wanalalamika mvua imegoma. Akamrudishia mwenzake kitabu, akakaa. Wale wavulana waliokuwa wanapiga kelele walibaki wanatazamana. Baadaye nilipata nakala kamili mjini: alikuwa amepatia.

Ukurasa wa mwisho ungemnyima mtoto yule jambo hilo. Kwa hiyo, mama, mpe mumeo au mwanao kibanio cha karatasi abane kurasa za mwisho, na kibanio kisitolewe mpaka umtajie jina moja na sababu mbili.

Habari Mwalimu. Naandika riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi, niko Kigoma. Nikiweka dalili wazi, rafiki zangu wanamjua muuaji mapema. Nikiificha sana, wananiambia nimewadanganya. Dalili inafichwaje?

Swali lako limenifurahisha, na nitalikalia.

Dalili haifichwi gizani. Inafichwa mwangani, ndani ya kitu kingine ambacho msomaji anadhani ndicho kinachozungumzwa. Ngoja nikutungie mfano, wa kwangu mwenyewe, uutumie ukitaka.

Mfanyabiashara amekutwa amekufa chumbani kwake, Ngamiani. Daktari anasema alikufa karibu na alfajiri. Mpangaji wa chumba cha pili, mwanamke mwenye heshima zake, anamwambia askari: "Nilikuwa macho. Nilisikia adhana ya alfajiri kutoka ule msikiti wa ng'ambo ya reli, ndipo nikamsikia marehemu anakohoa. Kwa hiyo adhana inatoka, yeye yu hai." Maelezo safi. Yanamwokoa mtu fulani aliyeonekana akiondoka nyumba ile usiku.

Kurasa kumi baadaye mpelelezi wako anapita uani. Kuna mama muuza barafu za ukwaju, zile za vijifuko vya plastiki, amekasirika. Anamgombeza mwanawe: barafu zote zimekuwa maji, wanafunzi watapita saa nne atawauzia nini, jana kakopa sukari dukani atalipa na nini, na ukwaju wenyewe umepanda bei. Mpelelezi anamnunulia mtoto andazi, mtoto ananyamaza, mama anacheka. Msomaji naye kacheka. Kampenda mama yule, kasahau.

Ni nini kimesemwa pale? Kwamba usiku ule umeme ulikatika, tena kwa saa nyingi, mpaka jokofu likashindwa. Neno umeme halikutajwa. Na kama umeme ulikatika, kipaza sauti cha msikiti hakikufanya kazi, na adhana ya mdomo mtupu haivuki reli ikafika Ngamiani. Yule mwanamke mwenye heshima hakusikia adhana yoyote.

Tazama vitu vitatu nilivyofanya. Dalili nimeiweka ndani ya hasira ya mtu mwingine, yenye sababu zake za kweli: deni, sukari, wanafunzi. Nimeitenga na maelezo inayoyapinga kwa kurasa kumi, maana zikikaa jirani rafiki zako watazigonganisha hapohapo. Na mara baada ya dalili nimempa msomaji andazi, kitu kitamu cha kumtoa pale. Sehemu ya mwisho ndiyo waandishi wachanga wanaisahau. Wanaweka dalili halafu wanakata sura, na ukimya baada ya sentensi unapiga kelele: hapa pana kitu!

Sasa fanya kazi ya usafi. Msomaji mkali atakuuliza: msikiti hauna jenereta? Hauna sola? Jibu hilo liwe ndani ya kitabu, nalo mapema. Labda sura ya pili wazee wanachangishana fedha za jenereta na mchango haujatimia. Umeona? Mchango wa msikiti unaonekana ni rangi tu ya mtaa, kumbe ni msumari. Na yule mwanamke, mpe sababu ya kusema uongo ambayo msomaji ataielewa. Fumbo likiwa zuri lakini mtu wake hana moyo, kitabu kitasomwa mara moja tu.

Ushauri wa mwisho kwako: andika sura ya kufichua kwanza kabisa, uifungie sandukuni, ndipo uanze sura ya kwanza. Ukijua unakokwenda hutahitaji kumleta mdogo wa marehemu kutoka ng'ambo.

Kaka yangu kaniambia muuaji ni nani nikiwa sura ya sita. Nikiache kitabu? (Msomaji, Arusha)

Usikiache. Sasa unasoma kitabu kingine, kile ambacho mwandishi alikuwa anakiona wakati anaandika. Mfuate muuaji kila anapoingia, tazama anasema nini mbele za watu na anatazama wapi. Kaka yako usimwazime kitabu mpaka mwaka uishe.

Asalaam aleikum Mwalimu. Niko Muscat. Bibi yangu alizaliwa Unguja na amekaa huku tangu ujana wake. Alikuwa msomaji mkubwa, sasa macho hayamsaidii. Nataka nimsomee vitabu vya Bwana Msa jioni. Nianze na kipi, na nisomeje? Kiswahili changu cha kusoma ni cha polepole.

Waaleikum salaam mwanangu. Katika barua zote, hii nimeirudia kuisoma.

Anza na *Mzimu wa Watu wa Kale*, halafu *Kisima cha Giningi*. Baada ya hapo vipo *Duniani Kuna Watu* cha 1973 na *Siri ya Sifuri* cha mwaka uliofuata. *Kosa la Bwana Msa*, cha 1984, kiweke mwisho. Lazima mtu awe amemzoea mpelelezi asiyekosea ndipo kosa lake limguse.

Polepole yako isikutie wasiwasi. Vitabu hivi vina mazungumzo mengi, na Kiswahili chake ni cha Unguja ya wakati ule, cha watu wanaosalimiana kwa kituo na kutaniana kabla ya kusema jambo. Ukikimbia utakiua. Ukikwama kwenye neno, muulize bibi. Atakwambia neno, na pengine atakwambia na mtu aliyekuwa akilitumia, na mahali, na siku. Mwache aseme. Kitabu kitasubiri.

Usiishie mahali pa kutisha. Waandishi hukata sura mtu anapopiga ukelele, na bibi hatalala vizuri. Songa mbele ukurasa mmoja au miwili mpaka mahali ambapo Bwana Msa anauliza swali, ndipo ufunge. Swali ndilo la kulala nalo. Asubuhi mkinywa kahawa utamkuta ameshalifanyia kazi. Watu wazima wa namna yake ni hodari katika vitabu hivi, kwa sababu wameishi na majirani wengi na wanajua mtu anayejieleza kupita kiasi anaficha nini. Akikisia vibaya usimrekebishe, na akikisia sawa usitabasamu. Hilo la pili ndilo gumu, kwa hiyo sura za mwisho usizisome peke yako kabla yake. Msome pamoja kwa mara ya kwanza wote wawili.

Mkifika pale Bwana Msa anapowakusanya watu ili aeleze, simama. Mwambie bibi ataje jina na sababu zake, uziandike kwenye karatasi na tarehe, na wajukuu wengine wakiwepo nao waandike ya kwao. Maliza kitabu kesho yake baada ya isha. Halafu niandikie ukurasa huu, unieleze alimtaja nani na alimjulia wapi.